Gitaa la Makoye na Samli ya Ghati

Clementi wa Kamunyonge, fundi wa magitaa, ana ugomvi wa kudumu na msasa. Hapa Musoma, mtu akiona gitaa lake la umeme limechujuka, jeupe limekuwa la njano au jekundu limefifia, wazo la kwanza ni kulisugua kama sufuria iliyoshika ukoko. Kuna mwanabendi mmoja aliyelitia lake kwenye beseni la sabuni ya unga, likalowa kutwa nzima, kisha akalianika juu ya bati. Clementi alipolipokea limepinda shingo, alimpa mwenyewe pole kama ya msibani. Hasira zake huwa zinaishia hapo, maana ni mtu mpole, na kazi yake anaipenda mpaka majirani wanamcheka kwamba magitaa anayaogesha kwa huruma kuliko wanaume wengi wanavyoogesha watoto wao.

Kazi hiyo alipewa na Makoye wa Mugeta. Makoye alikuwa mkulima wa pamba mchana, mpiga gitaa usiku, leo Bunda, kesho Musoma. Ndiye aliyegundua kwamba Clementi, asiyejua kuimba wala kupiga chombo chochote, ana mikono ya utulivu. Akamwachia gitaa lake jeupe alifute na kulibadilishia nyuzi. Nyumba aliyojenga, ada za watoto, heshima mtaani, vyote Clementi anaona vilianzia pale, na shukrani hiyo haikumtoka moyoni hata baada ya kiharusi kumlaza Makoye kitandani kwa miaka, kikamnyang'anya maneno, na mwishowe kumchukua.

Kwa hiyo asubuhi moja Ghati, mjane wa Makoye, alipoingia kwenye kibanda chake na gunia la pamba lililofungwa kamba, Clementi aliruka kutoka kwenye stuli.

"Shikamoo, mama! Karibu, karibu sana."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Nimekuletea mgonjwa."

Ndani ya gunia mlikuwa na kitenge, na ndani ya kitenge lile gitaa. Weupe haukuwepo tena. Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na pembeni limeiva zaidi. Ghati alikaa, akaeleza. Jumapili kungekuwa na misa ya kumbukumbu ya Makoye kule Butiama, alikowahi kufundisha kwaya, na wanakwaya waliomba lipigwe gitaa lake. Edwin, mwalimu wao wa sasa, alipokuja kuliangalia aliuliza bila ubaya wowote, "Mama, hili lilikuwa linakaa jikoni?" Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Lakini usingizi ulimpaa.

"Mura, watakaa pale kanisani waliangalie. Watasema, kama chombo chake alikitunza hivi, je, yeye mwenyewe kitandani alimtunzaje? Nirudishie weupe wake. Kama ni kukwangua, kwangua."

Mama huyu alikuwa anaomba kitu kimoja tu, na ndicho kitu asichokifanyaga. Akamwomba asubiri, akalegeza nyuzi, akaanza kupangusa kwa kitambaa cha fulana kuukuu. Kitambaa kikanata. Akakinusa.

"Mama, hili umelipaka nini?"

"Samli. Nilikuwa nalipakaga kila Jumamosi, tangu aanze kuumwa. Kibuyu cha maziwa si unakipakaga samli kisipasuke? Na kigoda cha mzee? Nikasema na hili ni mti, nikiliacha hivi hivi litapasuka."

Samli na gitaa wapi na wapi! Maneno yalishamfika Clementi kwenye ncha ya ulimi, akayameza. Alichovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, akakikamua mpaka kikawa kama kikavu, akafuta taratibu. Kitambaa kikatoka cheusi. Vumbi na moshi ulionasa kwenye mafuta uliondoka, gitaa likang'aa, lakini unjano ulibaki palepale. Huo ulikuwa wa vanishi yenyewe.

Akachukua bisibisi afungue kibao cha plastiki kilicho chini ya nyuzi. Hapo huwa anasali. Magitaa ya umri ule, kwa unyevu huu wa ziwani, skrubu zake huwa zimeshikwa na kutu na kukatika vichwa. Hii ya kwanza ilizunguka bila kinyongo. Ya pili vilevile, na zote zilizofuata. Akakagua shingo kwa kidole toka juu mpaka chini, asipate ufa hata mmoja. Akamtazama mama yule kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Sogea, mama. Angalia hapa chini ya kibao, jua halijawahi kufika. Weupe wake si huu? Ule unjano wa juu si uchafu, ni umri tu. Vanishi inazeekaga, kama sisi na mvi zetu. Nikikwangua nitakuwa nalichuna ngozi." Akamwekea skrubu kiganjani. "Na hii umeiona? Haina kutu. Sijawahi kupokea gitaa la umri huu lililotunzwa hivi."

"Kwa hiyo samli haikuliharibu?"

"Samli ilibeba vumbi, na vumbi nimelitoa. Kutu ndiyo ilikosa pa kuingilia. Ila kuanzia sasa ni kitambaa kikavu tu, mama. Samli tulie ugali."

Ghati alicheka. Clementi akafuta mikono, na bila kupanga akachuchumaa mbele yake, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Mzee alikuwa hawezi kusema tena. Mimi kijana wake nasema badala yake. Asante, mama, kwa kumtunza."

Siku ya mazishi ya Makoye alishukuriwa padri, wakashukuriwa waliotoa ng'ombe, wapishi, mpaka wenye viti na maturubai. Ghati alikuwa amekaa pale pale mkekani, na hakuna aliyemtaja. Alilia sasa, kwa sauti, na Clementi hakumnyamazisha. Alipomaliza alijipangusa uso kwa kitenge, akalitazama gitaa muda mrefu.

"Usikwangue," alisema. "Jumapili nitaliingiza kanisani mwenyewe, nalipeleka mpaka mbele."