Mama Aliponishtaki kwa Yesu

Mama alikuja Minneapolis, Marekani, kunisaidia kulea mtoto wangu wa kwanza, na kabla hata hajafungua mizigo alikuwa ameshanishtaki kwa Yesu. Nilikuwa nimesimama jikoni nakula mkate juu ya sinki. Yeye alikuwa ameketi na mtoto mapajani. Akafumba macho, akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani aliye ng'ambo ya ua, "Bwana Yesu, unamwona huyu? Anakula amesimama. Mimi sikumfundisha hivyo."

"Mama, niko hapa. Naskia."

"Siongei na wewe," akasema.

Kila Mkenya aliyelelewa na mama aliyeokoka amewahi kusemwa kwa maombi. Unafumba macho ukidhani chakula kinabarikiwa, kumbe unayeanikwa ni wewe. Lakini wengi husemwa mezani tu, kisha wakaenda zao. Mimi nilisemwa kutwa nzima, katika nyumba ya vyumba viwili mtaani Phillips, msimu wa baridi, wakati ambapo hakuna kutoka nje kupunga upepo. Yesu aliarifiwa kuhusu simu yangu, chumvi yangu na jinsi ninavyoanika taulo. Aliarifiwa kwamba mume wangu anaendesha lori na hurudi wikendi tu, na kwamba hilo halikuwa kosa la mume wangu.

Mimi nilikuwa Mkristo wa kawaida. Jumapili alasiri, wenye jengo la kanisa wakishamaliza ibada yao na kutuachia Wakenya, nilikuwa naenda, naimba, napika chapati kukiwa na harusi. Ungeniuliza kuhusu Kristo ningekueleza alizaliwa wapi na alikufa kwa ajili ya nani. Nilimjua kama ninavyomjua gavana. Namheshimu, picha yake naitambua, hatujawahi kuongea.

Nilipochoka kusemwa nikaanza kujibu kwa njia ileile. Nikafumba macho mezani, nikasema, "Bwana Yesu, mwambie mama yangu nepi za huku hazifungwi na pini." Mama akaitikia amina kwa nguvu, kisha akaongeza ombi lake. Tuliishi hivyo kwa muda, tukigombana macho yamefumbwa, na sitadanganya, nilianza kufurahia.

Kisha nikapata uvimbe kwenye titi. Niliugusa nikimnyonyesha mtoto, upande wa kushoto, mgumu. Nafanya kazi katika hospitali moja huko Maplewood, kwenye wodi ya wagonjwa wa saratani, kwa hiyo sikuhitaji mtu wa kunitisha. Kliniki walinidunga sindano, wakatoa sampuli, wakaniambia nisubiri simu. Mume wangu alikuwa barabarani kwenye barafu, sikumwambia. Mama naye presha yake hupanda kwa mambo madogo kuliko hayo, sikumwambia.

Lakini nilitaka Yesu aambiwe, na katika nyumba ile mwenye kazi hiyo alikuwa Mama. Sikuona sababu ya kubadilisha utaratibu. Nikamfuata alipokuwa anachagua mchele.

"Mama, kuna kitu inanistress. Niombee."

"Kitu gani?"

"Wewe mwambie tu Yesu. Yeye anajua."

Akaacha mchele. "Anajua? Ulimwambia lini?"

"Si wewe ndio unaongea na yeye kila siku?"

"Namwambia ninayoyaona. Hilo lako silioni. Enda umwambie mwenyewe."

Nilikasirika sana. Mwanamke aliyempelekea Yesu habari za taulo anakataa kumpelekea jambo moja la maana.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, nilitoka nikaenda kuketi ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali, nikawasha hita. Nikaanza, "Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, tunakuja mbele zako." Nikanyamaza. Tulikuwa akina nani? Humo garini nilikuwa mimi na mkoba wangu.

Nikaanza upya. "Yesu, mama yangu amenichosha."

Hapo maneno yakaja yenyewe. Nilimshtaki Mama kuanzia uwanja wa ndege mpaka kwenye mchele. Nikasema amekataa kuniombea, na hata hajui anachokataa ni nini, na mimi nikifa ni yeye atakayeachiwa mtoto. Nikakisikia nilichokisema. "Naogopa kufa," nikasema. "Mtoto hatanikumbuka." Nikalia mpaka vioo vikaingia ukungu.

Sikusikia sauti yoyote. Watu wanaosikia sauti huwa wananichosha, kwa hiyo nitasema tu kilichokuwepo. Nilipomaliza kulikuwa na mtu niliyekuwa nimemwambia. Woga ulikuwa palepale, ila sikuwa nao peke yangu. Nikapangusa uso nikarudi kazini nimechelewa. Nilirudi garini kila siku ya kazi wiki ile, na Ibrahimu sikumsumbua tena. Siku moja sikuwa na la kusema, tukakaa tu.

Simu ilikuja siku yangu ya mapumziko. Ni maziwa yaliyoganda, walisema, si saratani. Nikaketi sakafuni. Mama akatoka chumbani na mtoto, akauliza ni nani amekufa. Nikamweleza yote.

"Siku zote hizo umebeba kitu kama hiyo peke yako?" Alikuwa amekasirika, na macho yamejaa machozi.

"Sikuwa peke yangu. Nilimwambia Yesu."

Nikangoja afumbe macho anishtaki. Hakuyafumba.

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu, Mama. Alikaa tu na mimi."

Mama akashuka polepole, na magoti yake mabovu, akaketi sakafuni kando yangu, mtoto katikati yetu.

"Basi ni yeye," akasema. "Baba yako alipofariki alikaa na mimi hivyohivyo."