Siku Naila Alipompakia Baba Yake

Pikipiki ilikuwa nyekundu, na Naila hakuipenda rangi ile. Alitaka nyeusi. Dukani pale Maili Moja nyeusi zilikuwa zimekwisha, muuzaji akamwambia asubiri mzigo mwingine uje, lakini Naila alikuwa amechoka kusubiri. Kila masika alifika kazini Kwala, kwenye zahanati anakofanya kazi ya uuguzi, akiwa ameloa chapachapa, amepakiwa na vijana wa bodaboda wanaokata kona kana kwamba wamebeba gunia la mkaa. Akaichukua nyekundu.

"Unaipeleka wapi kwanza?" aliuliza Laurensia, muuguzi mwenzake aliyemsindikiza dukani. "Usiniambie kazini. Kitu kipya hakianzi kazini, bwana."

"Naipeleka nyumbani Kisarawe. Nataka baba aione."

Laurensia alikuwa anacheka, akaacha kucheka. Habari za mzee yule alikuwa anazijua.

Mzee Mwishehe alipigwa na kiharusi mwaka juzi, asubuhi, akiwa anachukua udhu. Alilazwa hospitali kubwa mjini kwa muda mrefu, akarudi nyumbani akiwa hai, na watu wakamshukuru Mungu. Lakini mkono wa kushoto haukurudi, na mguu wa kushoto aliuburuta kama kitu alichoazima. Maneno yalimtoka machache, yamekatikakatika. Toka kitandani hadi barazani, toka barazani hadi kitandani, hiyo ndiyo ilikuwa safari yake. Na alikuwa mtu wa safari. Enzi zake alikuwa na pikipiki kuukuu iliyopiga kelele kama mashine ya kusaga, akipeleka mihogo na nazi sokoni Kisarawe. Ndiyo aliyomfundishia Naila kuendesha, Naila akiwa bado shule ya msingi, majirani wakisema mtoto wa kike anaharibiwa. Mzee aliwajibu kwamba inayoharibika ni pikipiki, siyo mtoto.

Basi Jumamosi Naila alivaa kofia yake ngumu, akaondoka kwake Kibaha mapema. Alikwenda polepole, maana pikipiki mpya haitakiwi kukimbizwa, tena ilikuwa bado inanuka rangi, na nailoni ya kiti hakuitoa. Alikamata barabara ya Morogoro hadi Kiluvya, hapo akaiacha lami, akapita njia za vumbi hadi akatokea Kisarawe mjini. Kutoka hapo akashika njia ya Masaki, na mbele kidogo ya Masaki ndiko kwao. Mawingu yalikuwa yametanda lakini mvua haikunyesha. Njiani hakuwaza kitu kingine ila uso wa baba yake atakapoiona.

Mama yake, Bi Zena, alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiyo hiyo? Kweli umeinunua wewe?"

"Ndiyo hiyo."

Mzee Mwishehe alikuwa barazani, ameegemezwa mito. Alinyoosha mkono wake mzima, na Naila akaisukuma pikipiki hadi karibu kabisa, mzee akalishika tangi, akaishika taa, akashuka na kiganja hadi kwenye injini iliyokuwa bado ya moto, akakirudisha haraka. Nusu ya mdomo wake ikacheka.

"Nipakie," alisema.

"Wee!" Bi Zena aliruka. "Umpakie nani? Aanguke?"

"Haanguki, mama. Nitamfunga na kanga kiunoni kwangu. Wagonjwa wangapi huko Kwala wanaletwa hivyohivyo."

Walibishana kidogo. Mwisho Bi Zena akaleta kanga mbili mwenyewe, akazifunga mwenyewe, akakaza fundo mpaka Naila akakosa pumzi. Alipomaliza alimshika binti yake mkono.

"Zunguka naye hapahapa. Fika msikitini, geuza, rudi. Shambani usimpeleke."

"Kwani kuna nini?"

"Njia mbaya. Nimekwambia."

Naila aliona ni woga wa mama tu.

Wakaondoka. Alihisi kidevu cha baba yake begani, na pumzi yake shingoni, na mkono mmoja ukimshika kwa nguvu ambayo hakudhani bado ipo. Kijiji kizima kilikuwa nje. "Shikamoo mzee Mwishehe!" watu walipaza sauti, na mzee alijaribu kuunyanyua mkono kuitikia, Naila akamkataza kwa kupiga kelele, "Nishike, baba, nishike!" Alisikia kitu kinatetemeka mgongoni kwake, akaogopa, kisha akatambua kwamba baba yake anacheka. Tangu augue hakuwahi kumsikia akicheka kwa sauti.

Walipofika msikitini alipunguza mwendo ageuze. Mzee akampiga begani.

"Shamba."

"Mama amesema turudi, baba."

"Shamba, Naila."

Jina lake alilitamka lote, bila kukwama, na kwa miezi mingi lilikuwa likimtoka nusu. Naila hakugeuza.

Shamba lilikuwa la mikorosho, limerithiwa kutoka kwa babu. Mzee Mwishehe aliongeza miche yake alipooa, na kila alipopata mtoto alipanda mingine. Njia ya kwenda huko Naila aliikumbuka kuwa ni ya mguu, yenye nyasi katikati. Sasa ilikuwa pana, imechongwa na katapila, udongo mwekundu umelazwa pembeni. Alifurahi, akadhani serikali ya kijiji imewatengenezea. Aliifuata hadi kwenye kona yenye kichuguu kikubwa, na kichuguu kile kilikuwa kimekatwa nusu. Akasimama.

Hapakuwa na mkorosho hata mmoja. Palikuwa na visiki, vingine vimechomwa, na nguzo fupi za saruji zimepangwa mistari, kila moja na namba ya rangi nyeusi. Ng'ambo kulikuwa na seng'enge, na kibanda cha mabati cha mlinzi. Mlinzi mwenyewe alitoka, akawatazama, akarudi ndani.

Naila alizima injini. Alikijua kichuguu kile. Alikuwa akianikia mpunga wa bibi juu yake. Hakuweza kugeuka kumtazama baba yake kwa sababu walikuwa wamefungwa pamoja, mgongo kwa kifua, na kwa hiyo alisubiri tu sauti.

"Siyo hapa," mzee alisema.

Naila aliisoma namba kwenye nguzo iliyokuwa karibu.

"Umepotea. Siyo hapa."

Angeweza kusema mambo mengi. Alitazama kiganja cha baba yake tumboni kwake, kimeikamata blauzi.

"Ndiyo, baba," alisema. "Nimepotea. Ni hizi barabara mpya, zimenichanganya."

"Geuza." Mzee alivuta pumzi, akayatafuta maneno, akayapata moja moja. "Said atatuleta. Said anajua njia."

Said alikuwa kaka yake Naila, mwenye duka dogo pale kijijini, na ndiye aliyebaki na wazazi.

Kurudi, mzee hakucheka wala hakupokea salamu ya mtu. Bi Zena aliwaona tangu mbali, na kabla hawajasimama alikuwa ameshajua. Alizifungua kanga. Mzee akalazwa ndani, akageukia ukutani.

Said alikuja baada ya adhuhuri, akamkuta dada yake uani amekaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Umeuza shamba la baba," Naila alisema.

Said alimtazama mama yake kwanza. Kisha akachuchumaa chini, kama mtu aliyefikishwa mwisho wa mbio.

"Nimeuza."

"Uliniambia hospitali ulilipa kwa akiba ya duka."

"Duka gani, Naila? Lile? Sabuni na viberiti? Wewe ni muuguzi, unajua wodi ile inakula kiasi gani, na dawa, na kile kipimo cha kichwa walichotaka asubuhi yake. Ulituma ulichonacho, nami sikulaumu. Lakini hakikufika hata robo. Mimi na mama tulikaa kwenye benchi pale nje, mtu aliyekuwa akilitaka shamba akapiga simu. Ningefanyaje?"

"Ungemwambia alipopata nafuu."

"Nimwambie nini? Kwamba hiyo pumzi anayovuta ndiyo shamba lenyewe?" Sauti ilimpanda, akaishusha, akatupa jicho dirishani. "Tungemuuliza angekataa. Angesema mniache nife. Unamjua."

"Basi ungeniuliza mimi."

"Wewe ungekubali?"

Naila alizikumbuka nyuso za ndugu wa wagonjwa anaowaambia, huko Kwala, kwamba mgonjwa wao apelekwe hospitali kubwa leo hii. Hakuwahi kuwauliza watauza nini. Bi Zena alianza kulia taratibu, na kanga ileile aliyomfungia mumewe ndiyo aliyojifutia.

Jioni Naila alirudi Kibaha kwa njia aliyojia. Kabla hajapita Kiluvya mvua ilimkuta, akaloa kama siku zote.

Tangu hapo alikwenda kila mwisho wa juma. Pikipiki ilipata vumbi, ikapata mikwaruzo, ikawa ya kazi. Mzee Mwishehe hakuomba tena kupakiwa. Naila alimuuliza mara moja kama anataka wazunguke kidogo, akatikisa kichwa. Barazani aliacha kukaa, akataka mkeka utandikwe uani, nyuma ya nyumba, ambako haoni njia. Na Said, aliyekuwa ametunga maneno ya kumwambia siku atakapoombwa kuwapeleka shambani, aliyabeba maneno yale bure, kwa sababu baba hakumwomba. Alimlisha, alimwosha, alimgeuza asipate vidonda, na mzee alimwitikia kila kitu kwa upole. Said alimwambia dada yake kwamba afadhali angetukanwa.

Mzee alifariki mvua za vuli zilipokuwa zinaishia, alfajiri, usingizini.

Watu walijaa uani. Kutoka Mkuranga alikuja mdogo wake marehemu, Mzee Husseini, ambaye hakuwa amefika siku nyingi. Aliposikia wachimbaji wa kaburi wameelekezwa makaburi ya msikitini, alisimama katikati ya wanaume.

"Mbona huko?" aliuliza. "Kaka alisema siku zote atalala kwenye mikorosho yake. Aliniambia mimi mwenyewe. Said, hukuambiwa?"

Majirani waliinamisha macho, maana wote walijua. Said alisimama, akageuka kutazama upande wa wanawake.

Naila alikuwa kwenye mkeka na wanawake, karibu na mlango. Aliinuka.

"Baba alibadilisha mawazo, baba mdogo," alisema. "Aliniambia mimi, siku nilipompakia. Alisema apelekwe karibu na msikiti, watu wampitie na kumsomea."

Mzee Husseini alimsogelea.

"Alikwambia wewe?"

"Ndiyo."

"Basi," alisema, akavua viatu kuingia ndani kumwona kaka yake. Said alibaki amesimama palepale, mikono imening'inia, mpaka mtu mmoja akamshika bega na kumkumbusha kwamba maji ya kuoshea maiti bado hayajatekwa.