Afande Ameuliza Nani Alichinja

Leo nimepikia watu wasio na aibu.

Asubuhi maafisa wa uhamiaji walifika hapa Ruiri na lori ya polisi, wakitafuta Wasomali wa kurudishwa "kwao". Wakamshika Hassan, yule hutuchinjia mbuzi hapa sokoni.

Hassan amezaliwa hapa hapa. Kitambulisho alitoa. Wakaitisha kadi ya skrini, ile ya kuthibitisha uraia ambayo huulizwa Wasomali peke yao. Mimi Mmeru sijawahi kuulizwa hata siku moja.

Alikuwa ameiacha nyumbani. Akaomba aifuate.

"Utaeleza mbele," wakamwambia, wakampandisha. Sisi watu wa soko tulipiga kelele mpaka tukachoka.

Saa saba, wale wale wakaingia kwa hoteli yangu wakaitisha mbuzi choma. Nikaleta.

Afande mmoja, Mwislamu, akasukuma sahani kando kidogo.

"Mama, hii imechinjwa na nani? Mimi sili ya kila mtu."

Nikamwambia, "Imechinjwa na Hassan leo alfajiri. Kama una shaka, muulize. Yuko kwa lori yenu hapo nje, na hajakula."

Akaangalia nje.

Halafu akavuta sahani, akala.

Sasa niambieni nitulie.