Mawe Yaliyoelea Temeke

Bado nayasikia mawe yale yakisagana juu ya maji, kama meno ya mtu aliyelala. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa mtoto wa shule. Baba alikuwa karani. Alinichukua hadi Kimbiji kununua samaki, tukakuta ufuko umejaa mawe ya kijivu yenye vitundu vingi kama mkate, na mengine bado yalikuwa yanakuja na mawimbi. Wavuvi hawakuyagusa. Mmoja alinitania: "Chukua, bwana mdogo. Wenyewe wakiyafuata, tutawaelekeza kwako." Nilijaza kikapu, nikashangaa kilivyokuwa chepesi.

Siku zile mama alikuwa hacheki. Mdogo wangu Elia alikuwa amezikwa karibuni, na msalaba wa mti ulikuwa umeshaanza kuliwa na mchwa. Kwao mama, chini ya mlima wa moto, kaburi huzungushiwa mawe meusi yaliyotapikwa na mlima wenyewe. Hapa Temeke palikuwa na mchanga mtupu. Alipoliona jiwe langu alilinusa, akalisugua kiganjani muda mrefu.

"Hili limezaliwa motoni, Baba Yosia," alimwambia baba. "Ni la kwetu. Mtoto hatalala ugenini."

Akatabasamu. Mimi nilikuwa nimeyaona yakielea, lakini nilinyamaza, nisije nikalifuta tabasamu lile. Tukalizungushia kaburi mawe yote.

Kisha masika yakaja, maji yakatuama makaburini. Mvua ilipopumzika tulikwenda. Msalaba haukuwapo, na tuta lilikuwa limelainishwa kama shuka. Mawe yetu yalikuwa yamejikusanya penye ua wa minyaa, yakizunguka polepole juu ya maji, yakisagana kwa sauti ileile ya Kimbiji. Baba alionyesha kaburi lilikuwa hapa, mama akaonyesha pale. Mwishowe mama alinigeukia, bila hasira.

"Ulijua, Yosia?"

"Ndiyo, mama."

Hakulitaja tena hadi alipokufa.

Sekondari nilifundishwa kwamba jiwe lile ni povu la volkano lililoganda na hewa ndani yake, na kwamba bahari huweza kulibeba kutoka mbali sana. Nililijibu swali lake vizuri kwenye mtihani. Jibu lile halikunifaa kitu kingine.

Leo nyumba zimeyabana makaburi yale pande zote. Wajukuu wangu hushangaa nikivua viatu pale langoni na kutembea kwa kunyata, mzee mzima. Wao wakizuru kaburi huenda moja kwa moja hadi lilipo. Mimi sijui Elia yuko wapi, kwa hiyo nakanyaga taratibu kila mahali.