Sukuma Niliyoing'oa Nyuma ya Tangi

Wanaonijua hapa Voi watakwambia nilikuwa na neno langu moja: hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimetoka mbali. Nilizaliwa Rukanga, chini ya Kasigau, shule nikaiachia darasa la tano, nikaja mjini kuosha matumbo machinjioni. Leo nina bucha yangu, na kando yake mahali pa choma ambapo Jumamosi ukichelewa hupati kiti. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili ujue aliyeanguka ni mtu wa namna gani.

Utotoni tulikula majani. Mvua ikikataa tulikula mchicha wa porini, na kunde zikiota tulichuma majani kabla hazijazaa. Sikumlaumu mama yangu, alitupa alichokuwa nacho. Lakini nilipooa nilimwambia mke wangu, Wakio, "Nyumba hii majani ni ya mbuzi. Mimi yangu nimekula yakaisha."

Basi nikala nyama. Wakio alikuwa akitia nyanya na viazi kwenye mchuzi, na baadaye hata hizo nikazikataza. Nikasema mchuzi unaharibu nyama, mimi nataka choma kavu na ugali. Kachumbari niliyowauzia wateja sikuigusa. Matunda niliyaona ni ya watoto na ya mtu aliyelazwa.

Ugonjwa ulianza na uchovu. Mimi niliyebeba nusu ya ng'ombe begani nikawa nakalia kreti kila baada ya kukata kilo mbili. Miguu ikauma ndani, kama mtu ananipiga mifupa. Halafu kwenye miundi yakatoka madoa madogo mekundu, kila unywele na doa lake, na nyuma ya magoti pakaiva zambarau kama nimepigwa rungu. Fizi zikavimba. Nikipiga mswaki, povu linatoka jekundu. Mdomo wangu ukanuka mpaka mteja akiongea nami anageuza uso kando kidogo, kwa heshima. Nyumbani Wakio alilala amenipa mgongo.

Mtu mmoja akaniambia, "Wewe umekosa matunda." Nikasema hilo ni dogo. Nikanunua kreti nzima za juisi ya chupa, ile yenye picha ya chungwa limekatwa katikati. Nilikunywa kama maji. Nikazidi kudhoofika.

Rafiki yangu Mutua, dereva wa lori anayelala Maungu, alikuja kula choma akanitazama kwa muda mrefu.

"Boss, mke wako anaumwa?"

"Hapana."

"Watoto?"

"Wazima. Wanaruka kama mbuzi."

Akachokonoa meno yake. "Basi mimi nisiseme. Lakini mwenye nyumba akivuja damu na wengine wote wananawiri, mwanamume huenda akaangalia jikoni."

Neno lile lilinikaa. Siku iliyofuata nilifunga bucha mchana, jambo nisilolifanya hata kwa msiba. Nikaingia nyumbani bila kubisha. Wakio na watoto wawili walikuwa wanakula. Binti yangu Mghoi, yule mkubwa, aliponiona akaficha sahani chini ya meza.

"Ni nini hicho?"

"Baba, ni sukuma tu."

Nikamgeukia mama yake. "Kwa hiyo kuna chakula chao na kuna changu. Changu unakitia nini?"

Wakio akaweka kijiko chini. "Baba Mghoi, changu na chako ni nini? Wewe nakupa kile ulichosema unataka."

Nilitoka nje nikazunguka nyuma ya tangi la maji, mahali nisipokanyaga kwa sababu ni pa kufulia. Pale nikakuta magunia matatu yamejazwa udongo, yametobolewa ubavuni, na kila tundu limetoa sukuma. Zilikuwa kijani mpaka zinang'aa. Pembeni aliotesha mlimau mdogo kwenye ndoo kuukuu. Kumbe miaka yote nikienda bucha, huku nyuma kuna shamba.

Hapa ndipo kalamu inakuwa nzito. Nilichukua kisu cha bucha nikapasua magunia yote matatu. Nikang'oa miche na mizizi yake, ile ndoo nikaipiga teke. Nilimwambia mke wangu maneno ambayo siwezi kuyaandika, maana watoto wangu wanajua kusoma. Neno sumu lilikuwamo. Nilimwita mchawi mbele ya majirani. Alifunga nguo, akawashika watoto, akaenda kwao Ronge. Mbuzi wa jirani walikula zile sukuma mpaka jioni.

Nilidhani sasa nitapona.

Bucha yangu ina desturi. Choma ya kwanza ikiiva, mimi mwenyewe hung'ata ubavu mbele ya wateja ili waone nyama yangu ni laini. Hakuna mwingine anayefanya hivyo Voi. Siku moja baada ya Wakio kuondoka niliinua ubavu, nikang'ata, nikavuta. Nikautazama ubavu na kuona jino langu la mbele limesimama kwenye nyama kama msumari.

Nikataka kucheka. Nikahisi soksi imelowa. Kovu nililopata machinjioni nikiwa kijana, lililopona zamani hata nikalisahau, lilikuwa limefunguka lenyewe na linatoa damu. Mimi, wa hakuna cha kunishangaza. Wateja wangu ndio walionibeba hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo tu, wa rika la wapwa zangu. Alinifungua mdomo, akabonyeza miundi, akauliza nakula nini. Nikamwambia kwa fahari.

"Mzee, una kiseyeye," akasema. "Mwili umekosa vitamini C. Zamani ugonjwa huu uliwaua sana mabaharia."

"Daktari, mimi na bahari wapi? Hata feri ya Likoni napanda nimefumba macho."

"Na nyumbani kwako Voi umeishi kama uko melini."

Nikamwambia juisi nimekunywa kreti kwa kreti. Akaniambia niagize chupa moja kutoka bucha, akanisomea maandishi yale madogo. Maji, sukari, rangi. Chungwa lilikuwa kwenye picha peke yake.

Kesho yake alikuja na chungwa mkono mmoja na majani ya sukuma mkono wa pili. Akaniambia nichague cha kunitibu. Nilionyesha chungwa haraka, maana hata bei yake ni ya mtu mwenye pesa.

"Hujakosea," akasema. "Chungwa unalila bichi, halipotezi kitu njiani. Lakini sukuma ikiwa bichi inaweza kulishinda chungwa hili kwa hiyo hiyo vitamini C, uzito kwa uzito. Na inakupa madini ya chuma na chokaa zaidi, na vitamini ya kugandisha damu, ambayo chungwa halina ya maana. Shida ni sufuria. Ukiipika mpaka iwe nyeusi, ukamwaga na maji yake, umemwaga dawa. Ikate muda mfupi kabla ya kupika, iguse moto kidogo, uipue ikiwa bado kijani. Ukikamulia limau juu, mwili unapokea vizuri hata kile chuma cha majani. Usivipiganishe, Mzee. Kula vyote."

Halafu akaniuliza swali lile lile la Mutua.

"Nyumbani wengine wanaumwa?"

"Hapana. Wazima."

"Wanakula nini?"

Niliona sahani chini ya meza. Niliona ule mlimau kwenye ndoo.

"Sukuma," nikasema.

"Anayewapikia ni nani?"

"Mke wangu."

"Mshukuru sana. Kama wangekula kama wewe, ningekuwa na vitanda vingine viwili vya watoto hapa."

Aliondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi niligeukia ukutani. Watu wa kitanda cha pili walidhani ni fizi zinaniuma.

Walinipa vidonge, machungwa na mboga za majani. Ndani ya wiki moja damu ilikoma mdomoni. Madoa yalififia polepole, kidonda kikafunga, nguvu zikarudi. Jino lile, na jirani yake lililong'oka hospitalini, hayakurudi. Bili nililipa pale pale dirishani, hata sikumbuki ilikuwa ngapi, na nilisema hivyo kwa sauti ili wanisikie. Tabia ni ngozi.

Nikapanda Ronge na shangazi yangu mmoja na mbuzi beberu wa kuombea msamaha. Huko kwa wakwe zangu siku zote mimi huchinjiwa kuku. Safari hii mama mkwe aliweka mezani ugali na sukuma, limau limekatwa pembeni. Baba mkwe akanisogezea sahani.

"Karibu, baba. Tulisikia wewe nyama umeshiba."

Nilikula yote, natafuna upande mmoja. Hakuna aliyecheka. Kisha nikasimama na kusema nilichokosa, kwa jina lake, mbele ya watoto wangu. Nilisema mama yenu hakunitilia sumu. Nilisema mimi ndiye niliyeng'oa dawa kwa mkono wangu.

Wewe unayesoma haya, ukiona damu kwenye mswaki usimtafute mchawi, nenda hospitali. Usidharau chakula kilichokulea. Na kama nyumbani kwako mtu anafanya jema kwa kujificha, jiulize anamwogopa nani. Namshukuru Mungu niko hai, namshukuru na yule daktari mdogo.

Watu huniuliza ugonjwa ule ulinigharimu pesa ngapi. Siku ile Ronge, Wakio alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mbuzi nirudi naye.

"Magunia matatu niliyanunua hamsini hamsini," akasema. "Miche ya shilingi mia moja. Samadi mia moja na thelathini. Zilikuwa pesa zangu za mayai. Nilipe, halafu ukapande mwenyewe kwa mikono yako. Zikishaota, nipigie simu."

Nikatoa noti ya elfu moja. Nikamwambia, "Baki nazo, Mama Mghoi."

Aliingia ndani kwa mama yake, akatoka na kopo, akahesabu chenji yangu juu ya meza, noti na sarafu, mia sita na ishirini. Akaisukuma mbele yangu.

Zimeota. Amerudi. Ilinigharimu shilingi mia tatu na themanini.