Mbuzi Wangu Asiye na Pembe

Nilimburuta mbuzi wangu wa maziwa kutoka Kitandililo hadi Makambako mjini, nimefura kama chura. Beberu wa Baba Neema alikuwa amempanda tena na tena, mimba hakuna, na mwanangu anataka maziwa.

“Beberu wako hana mbegu!” nilimpayukia Baba Neema mbele ya wateja waliomletea mbuzi wao wapandwe.

Bwana mifugo aliyekuwepo akainua mkia wa mbuzi. “Mama Juni, huyu ni nusu jike, nusu dume. Hazai. Wazazi wake walikuwa na pembe?”

“Hawakuwa nazo. Sikutaka pembe zimchome mwanangu.”

“Ukipandisha wawili wasio na pembe, baadhi ya watoto wao huzaliwa hivi. Nani aliwakutanisha?”

Umati wote niliouita kwa kelele zangu ukanitazama.

“Mimi,” nikasema. “Baba Neema, kesho namleta mama wa mbuzi huyu kwa beberu wako, maana huyo beberu ana pembe.”