Tambi za Fulgence Kwenye Kamba ya Nguo

Kila Jumapili Fulgence alipika tambi za Kichina, na kila Jumapili ua wetu mzima ulisimamisha kazi. Kwa sisi wengine hapa Chang'ombe tambi ni zile za pakiti, tunazivunja, tunazikaanga, tunazitia sukari na iliki, basi. Yeye alikanda unga mwenyewe na chembe ya magadi, yale yale tunayotia kwenye mlenda, akausukuma mezani mpaka ukawa mpana kama khanga, akaukunja, akaukata nyuzi nyuzi. Kisha akazianika kwenye kamba ya nguo aliyoifuta kwa kitambaa safi. Upepo ulizipeperusha polepole huku na huku, jua likipenya katikati yake, nami nilizitazama mpaka maji yangu yakakaukia jikoni. Sioni aibu kusema hivyo.

Alijifunza kambini, alipokuwa akiwapikia Wachina waliojenga barabara. Mpishi wao mkuu hakujua Kiswahili, Fulgence hakujua Kichina, wakaelewana miaka minne kwa vidole na kwa kuonja. Kule nyama ya kusaga ya mchuzi wa tambi ilikuwa ya nguruwe. Alipohamia uani kwetu akaanza kutumia ya ng'ombe, ili mimi Shamimu, jirani wa mlango wa pili, niweze kula nao. Hakunitangazia. Nilikuja kuambiwa na Sidonia, mkewe, baada ya mwaka mzima, na siku hiyo nilimpenda yule mtu kama ndugu.

Februari kiharusi kilimwangusha. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito, na tangu arudi kutoka hospitali hakuwa ametamka neno. Kilichotutisha zaidi ni kula. Sidonia alimlisha uji kwa kijiko. Vijiko viwili, vitatu, kisha mdomo unafungwa na macho yanageukia ukutani. Daktari alisema wazi kwamba asipokula hatainuka. Mwezi wa tatu ukaisha, mashavu yakaingia ndani. Asubuhi moja tukiwa bombani Sidonia aliacha ndoo ikifurika.

"Jirani," akaniambia, "mwenzangu ameamua kufa, na mimi sijui namna ya kumkataza."

Nilifunga bomba, nikambebea ndoo hadi mlangoni. Jumapili iliyofuata nikamwona Sidonia ametoa meza uani na unga juu yake.

Hakuwahi kupika tambi zile hata siku moja. Fulgence hakuruhusu mtu kugusa. Lakini alikuwa ametazama miaka yote, na macho ya mke hayasahau. Tulimkalisha Fulgence kwenye kiti chake barazani. Sidonia alikanda, mimi nikakata, na zangu zilitoka nene kama kamba za mbuzi. Tukazianika. Ulikuwa mchana wa joto lisilo na sauti, vumbi la unga limesimama hewani, na kwa muda nilisahau kwamba kuna mgonjwa. Nilijiona niko katika Jumapili yoyote ya zamani, ndefu, isiyo na mwisho. Nilipogeuka, Fulgence alikuwa anazitazama tambi zikipepea, wala hakupepesa jicho.

Sidonia alikaanga nyama mpaka ikaanza kushika sufuria, akatia kitunguu na tangawizi, kisha vijiko vya mwisho vya rojo nyeusi ya soya iliyochachushwa, ile aliyokuwa akiitumia mumewe. Mchuzi ulitulia, mzito, unang'aa. Harufu ikajaa uani, nami nikaomba Mungu kimoyomoyo.

Sasa, sisi mgonjwa tunamhudumia. Tunamkatia, tunamlainishia, tunamtengenezea tonge. Sidonia alichemsha tambi, akazimwagia mchuzi, akachanganya vizuri mpaka kila uzi ukawa mweusi, akazikatakata kwa kijiko na kumpelekea mdomoni. Fulgence akafunga mdomo. Akausukuma mkono wa mkewe, tambi zikamwagika kwenye khanga yake.

Sidonia alisimama tu. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonifungua akili. Mezani kwa Fulgence hakuna aliyewahi kuchanganyiwa. Alikupa tambi nyeupe, mchuzi juu, tango lililokatwa pembeni, na kuchanganya ni kazi yako. Ukichelewa anakukodolea macho. Sisi tulimpelekea chakula ambacho mtu mwingine ameshakianza.

Nikaingia jikoni bila kuaga. Nikachemsha zilizobaki, nikaweka mchuzi juu kama kilima, tango pembeni, nikatia uma, nikamwekea bakuli mapajani.

"Shemeji, hii ni yako," nikamwambia. "Changanya mwenyewe."

Sidonia aliinama amsaidie, nikamshika kiwiko.

Mkono wa kushoto uliinuka polepole. Uma ulianguka, akauokota. Akageuza, akainua, nusu ikaenda kwenye shati, akageuza tena, mpaka nyeupe ikapotea yote. Sijui ilichukua muda gani; kivuli cha nguzo kilikuwa kimemfika miguuni. Kisha akapeleka mdomoni. Akatafuna, macho ameyafumba, kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji tambi. Akameza. Akamtazama mkewe, akakunja uso, midomo ikahangaika kutafuta njia.

"Chumvi," akasema.

Mgonjwa hula anachopewa. Anayelalamika ni mpishi. Sidonia alikaa chini vumbini, akajifunika uso kwa khanga yenye mchuzi, akalia kwa sauti. Fulgence akarudia, safari hii kwa ukali kidogo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekwenda kuileta.